Kuishusha Nyumba ya Shangazi Mejumaa

Ol Bolossat

Kwanza nilisikia kikohozi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi, nami nimesimama katika njia ya matope na begi mgongoni, sioni ziwa, sioni gari, sioni hata viatu vyangu mwenyewe. Kikohozi kilitoka kushoto, kikakatika, kikaanza tena, kikavu, kama mbuzi ya kukunia inapofika kwenye kifuu na nazi imekwisha. Nikakifuata.

Wenzangu wa baraza letu la waandishi, kila mmoja wenu ameniuliza tangu nirudi, nami nimekuwa nikijibu nusu nusu. Leo nayaandika yote, maana nikiyasimulia kwa mdomo naisikia tena ile pumzi, nami hunyamaza.

Shangazi Mejumaa ni dada wa baba yangu. Mumewe, Mzee Mbwana, aliwaendesha watalii wa Diani maisha yake yote, na alipostaafu akachukua gari kuukuu la abiria, akang'oa viti, akapigilia kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, na choo kidogo nyuma ya pazia. Siku lilipokamilika, waliviacha vyumba walivyokuwa wamepanga Ukunda wakahamia humo. "Hii ndiyo nyumba yetu," alituambia, na hakuna aliyemwamini ila mkewe. Wakaenda Shimoni, wakaenda Lunga Lunga, kisha wakapanda bara, mpaka ziwa hili la Nyandarua, kwa sababu Mzee alikuwa amemwahidi mahali ambapo mtu akizungumza, maneno yake huonekana, kwa mvuke wa baridi.

Yakaonekana. Na huko huko, asubuhi moja akiwa anachemsha maji, moyo wake ukasimama. Watu wa msikiti wa mji wa karibu walimzika siku ile ile, Mungu awalipe. Shangazi akafunga mlango wa gari, akaanza eda.

Mnajua kwetu mjane hukaa eda katika nyumba aliyoachwa na mumewe, miezi minne na siku kumi. Huvaa nyeupe, hajipaki manukato, hatoki ila kwa dharura, halali kwingine. Haya tunayajua toka utotoni. Ambalo hakuna aliyetufundisha ni afanyeje mjane ambaye nyumba yake ina magurudumu.

Baba mkubwa Suleimani, kaka yao mkubwa, alikuwa na jibu. "Gari si nyumba. Na ashuke aje hapa Msambweni, chumba nimeshampakia chokaa." Shangazi akamjibu kwa simu kwamba mauti yamemkuta mumewe pale, naye yupo pale pale. Mabishano yakaenda hivyo mpaka pumu yake, ambayo huku kwetu ilikuwa imelala miaka, ikaamshwa na baridi. Hapo nikaitwa mimi: mwana wa ndugu yake, kwa hiyo maharimu wake, nina leseni, na, kama baba mkubwa alivyosema mbele ya watu, sina kazi ya kuombea ruhusa.

Alinisindikiza mpaka stendi. "Hamisi," alisema, "ukimleta hai na eda imevunjika, umemleta nusu. Ukileta eda nzima na mwenyewe hayupo, usirudi."

Basi fikirini nilivyokifuata kile kikohozi.

Gari lilijitokeza ghafla, jeupe ndani ya weupe. Mlango ukasukumwa kando. Shangazi alikuwa amekonda. Amevaa nguo nyeupe, juu yake masweta matatu, na miguuni soksi za mumewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Futa matope kabla hujaingia."

Ndani kulinukia tangawizi na blanketi lenye unyevu. Aliponikumbatia niliisikia pumzi yake inapita kama filimbi iliyopasuka, na hofu iliyonishika pale haikuniachia mpaka mwisho wa safari hii.

"Nakupikia," alisema, "lakini mafuta ya nazi yameoza." Akanionyesha chupa: yameganda, meupe kama mshumaa. Alikuwa hajapata kuyaona hivyo katika umri wake wote. Nilimwambia hayajaoza, ni baridi tu. Akaiinamisha ile chupa. "Hata mafuta," akasema, "huku yanakaa eda."

Chakula kilikuja kutoka nje. Gari lilikuwa limeegeshwa katika shamba la Mama Njeri, mkulima wa viazi, mwanamke mwenye mabega mapana na kofia ya sufi, ambaye kila siku alimletea shangazi sahani ya viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga. Shangazi alikula bila kulalamika, kisha akanong'ona: "Wema wake mkubwa. Ila chumvi hawaijui."

Mvua ya mawe

Nilitaka tuondoke siku iliyofuata. Shangazi hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Nilimpigia ustadhi wetu wa Ukunda, nikaweka simu juu ya meza ili amsikie mwenyewe. Ustadhi alisema kwa upole kwamba penye hofu ya nafsi dharura inaruhusu. Anaweza kuhamia penye amani, akamalizia eda yake huko. Shangazi alimshukuru, akamuombea dua, akaniambia nikate simu.

"Ustadhi hakuishi na Mbwana," alisema. "Yeye anazungumzia kuhama. Mimi nikishuka hapa, Hamisi, hili ni gari. Nikiwa ndani ni nyumba. Unafahamu? Kaka yangu anangoja nishuke tu, aliite gari."

Mchana huo gesi ilikwisha. Mama Njeri akatuazima jiko la makaa, akasema tupikie nje, akaenda zizini. Nikaliwasha kando ya mlango. Haukupita muda, mbingu ikawa nyeusi, na mara ikatumiminia mawe. Sijapata kuiona mvua namna ile. Ilipiga bati la gari mpaka tukawa tunapiga kelele ili tusikizane. Baridi ikapanda kutoka sakafuni, na shangazi akaanza kukohoa kile kikohozi kisicho na nafasi ya kuvuta pumzi.

Nikafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya mvua ikinyesha. Niliinua jiko nikaliingiza ndani. Nikafunga mlango, nikafunga madirisha, na penye upenyo nikashindilia taulo.

Joto likaenea. Kikohozi kikapungua. Nilijiona shujaa, wallahi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikitazama makaa, nikitunga moyoni jinsi nitakavyoandika wekundu wake. Kichwa kikawa kizito. Nikasema ni uchovu wa safari. Miguu ikawa kama ya mtu mwingine.

"Hamisi," shangazi akasema kitandani, kwa sauti tulivu sana. "Mbona Mbwana anachelewa?"

Nami, ndugu zangu, niliona ni swali zuri tu. Nikamjibu kwamba amekwenda kuteka maji. Akaridhika. Mimi pia nikaridhika, na nikafumba macho kumngojea.

Mlango uliofunguka uligonga ukuta wa gari kama bunduki. Mama Njeri alikuwa amekuja kufuata jiko lake. Ameliacha nje, halipo nje, na madirisha yetu yamelowa mvuke.

"Nyinyi watu ya Mombasa, mnataka kukufa?"

Alilishika jiko kwa kanga ya kiunoni akalirusha kwenye mawe ya barafu, likalia kama nyoka. Akanishika ukosi akanitupa nje nilivyo. Nilitapika juu ya ule weupe. Kisha nikamsikia anamvuta shangazi, na shangazi, ambaye hakuwa hata na nguvu za kufumbua macho, alikuwa ameushika mguu wa kitanda.

"Achilia, cucu!" akamwita, yaani bibi kwa lugha ya kwao.

"Siachii."

Mama Njeri akaguta kitu kwa Kikikuyu, akamwacha, akafungua mlango wa nyuma, na madirisha, na upepo wa barafu ukapita ndani moja kwa moja kichwa mpaka mkia. Kisha akakaa kando yake akimpigapiga mgongo. Baadaye, tulipoweza kuzungumza, aliniuliza kwa ukali kwani kwetu hatupiki ndani ya nyumba. Nikamwambia twapika. Ila kwetu nyumba ni ya makuti, na moshi una pa kupitia. Hata mwizi ana pa kupitia. Hatujui nyumba iliyoziba.

"Na sisi si wa Mombasa," shangazi akasema kitandani, macho amefumba. "Ni wa Msambweni."

Nilipowaona wote wawili wanacheka nilitoka nje nikalia. Niliagizwa nimlete hai, na siku yangu ya kwanza nusura nimwue kwa mikono yangu.

Jioni ile nilipiga magoti kando ya kitanda. "Shangazi, usishuke. Sikuombi ushuke. Nyumba ndiyo itakayoshuka. Wewe kaa ndani yake, nami nitaiteremsha mpaka pwani, na hutakanyaga ardhi ya mtu."

"Mbwana angelisema hivyo hivyo," alisema. "Naye pia hakuwa na akili." Kisha, "Asubuhi uangalie maji ya betri."

Kando ya ziwa

Ukungu uliinuka, na ndipo nilipoliona ziwa. Halikuwa kama nilivyodhani. Ni majani zaidi kuliko maji, uwanja wa matete, na katikati yake mabaka yanayong'aa, na viboko wakitoa masikio. Korongo wenye taji walikuwa wakitembea shambani kama mabwana harusi waliokosa njia. Mama Njeri alimpa shangazi gunia la viazi na sweta la nne, akasimama kwenye uzio bila kupunga mkono mpaka kona ikamficha.

Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Nyuma ya pazia nilikuwa nasikia pumzi, na kila iliponyamaza niliita, "Shangazi?" naye akajibu, "Tazama njia."

Njia ilitushinda karibu na kijito. Udongo wa huko ni mweusi na unashika kama ulimbo. Magurudumu yakazunguka, gari likazama mpaka tumboni. Watu wakatoka mashambani, wanaume wa buti za mpira na kamba ya ng'ombe, na mzee mmoja akatoa amri.

"Kila mtu ashuke. Gari iwe nyepesi."

"Mimi nimeshashuka," nikasema. "Aliye ndani hashuki."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Ndiyo. Yuko eda."

Neno hilo halikuwafikia. Kijana mmoja akazunguka akachungulia dirishani, akaona kilicholala kitandani, nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni. Akaruka nyuma.

"Wuui! Wamebeba maiti!"

Kofia zote zikavuliwa. Mzee akaniambia pole kwa sauti ya chini, na wengine wakaanza kuiachilia kamba, maana, alinieleza, kulivuta gari la maiti si jambo la kukurupukia. Nikawa naapa kwamba hakuna maiti, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonihurumia.

Ndipo sauti ikatoka ndani, ya kukoroma, lakini ya shangazi kabisa. "Maiti hakohoi, baba. Vuteni!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa matopeni. Kisha wakavuta, na yeye ndani, kwa nguvu ya kicheko chenyewe, na gari likatoka na mlio kama wa kiatu kinachovuliwa.

Kabla ya mji kuna kijia kinachokwenda kwenye makaburi ya Waislamu. Sikuambiwa nisimame, nilisimama. Nilirudisha gari nyuma mpaka dirisha la kitanda likaelekea upande ule, nikalifungua, nikaenda kusimama mbali. Nilimwona ameinua viganja. Alikaa hivyo mpaka baridi ikaanza kunitia wasiwasi, na nilipokaribia nilisikia maneno ya mwisho, yaliyotoka yakiwa na mvuke.

"Baridi yako nakuachia, Mbwana. Nyumba naenda nayo."

Kuteremka

Ol Kalou, Gilgil, bonde, Nairobi tuliyoipita kwa kandokando. Tulilala katika vituo vya mafuta, yeye kitandani, mimi nimejikunja kwenye viti vya mbele. Karibu na Emali askari wa barabarani aliona mapazia yaliyofungwa, akaushika mpini wa mlango.

"Umebeba nini humo?"

"Nyumba," nikasema, kwa hofu, bila kufikiri. Uso wake ukabadilika. Ikabidi nimweleze yote, nikiwa nimesimama kati yake na mlango, na malori yakinguruma kando yetu. Alisikiliza huku akikuna shingo. Mwishowe akasema kwamba mama yake mzazi, kule kwao magharibi, alinyolewa nywele na kukalishwa pembeni mwa nyumba alipofiwa. Kila watu na lao. Akaligonga bati mara mbili kwa kiganja, taratibu. "Pole, mama." Na sauti ya ndani ikajibu, "Ahsante, mwanangu. Umekula?"

Kibwezi joto likatupokea. Shangazi akavua sweta la kwanza, halafu la pili. Tulipofika Mtito Andei alinyoosha mkono kupitia pazia akanionyesha ile chupa: mafuta yameyeyuka, maangavu kama maji.

"Tumefika duniani," alisema.

Niliimba toka hapo mpaka Voi. Sikupaswa kuimba.

Mackinnon Road

Kwanza mshale wa joto ulipanda. Kisha harufu, kisha mvuke. Wale mnaoyajua magari haya mnajua injini imewekwa chini ya viti vya mbele, ndani kwa ndani, na ikichemka haichemki mbali nawe. Mvuke na moshi wa mafuta viliingia nyumbani kwa shangazi kama wageni wasioalikwa. Nililipeleka gari kando, karibu na vibanda vilivyo upande wa reli, vumbi la malori likitufunika, nikazima.

Kikohozi alichokiacha Nyandarua kikarudi chote. Nilipolivuta pazia alikuwa ameketi, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Akaitikisa dawa yake ya kuvuta, akaibana mdomoni. Haikutoa kitu. Akaitikisa tena.

"Shuka," nikamwambia. "Shangazi, nakusihi. Ni mchana, ni dharura, ustadhi amesema. Kuna msikiti pale, kuna kivuli, nakushika mkono."

Alitikisa kichwa. Hakuwa na pumzi ya kuniambia hapana.

"Nitakubeba!"

Macho yake yakanijia, na akayatafuta maneno mahali palipokuwa na hewa kidogo. "Ukinibeba... sikusamehe."

Nilisimama pale, mkono mmoja kwenye mpini wa mlango. Nikiufungua wazi, madereva na mautingo wote wa barabara ile watamwona mjane wa watu kitandani mwake. Nikiufunga, atakufa. Na sauti ya baba mkubwa masikioni, nusu, nusu, nusu.

"Nani anayehema hivyo?"

Alikuwa mwuza mbaazi na mahamri, mwanamke mnene wa makamo. Baadaye niliambiwa anaitwa Mama Zuhura. Alikuwa ameacha sufuria yake akavuka.

"Shangazi yangu. Yuko eda."

"Eda barabarani?"

"Nyumba yake ndiyo hii."

Nilingoja acheke. Aliitazama nyumba, toka magurudumu mpaka paa, kama mtu anayepewa anwani.

"Basi mfungulie mlango, akose hewa kwa nini?"

"Wanaume wataona."

"Wataona nini?" Akaivua leso ya juu, akaikunjua, akaita kwa sauti iliyovuka barabara: "We Mwanasha! Njooni na leso!"

Wakaja, mwenye mayai ya kuchemsha, mwenye chai, mwenye machungwa. Wakasimama kwa duara toka pembe moja ya gari mpaka nyingine, kila mmoja ameshika ncha ya leso yake na ncha ya mwenzake, mikono juu. Hapo ndipo nilipousukuma mlango mpaka mwisho, na mlango wa nyuma pia, na upepo wa Taru ukapita.

Shangazi alisogea mpaka ukingoni, miguu yake ndani bado, kifua nje. Mbele yake palikuwa na ukuta wa nguo, nyekundu na manjano na buluu, na kwa kuwa wanawake walikuwa wamezishika uso wa mbele ukielekea kwake, majina ya leso zote, zile methali zilizoandikwa, yalikuwa yanamtazama yeye. Mama Zuhura akamwambia, "Soma, dada. Soma moja, uvute pumzi. Soma nyingine, uvute."

Akasoma. Kwanza midomo tu. Kisha neno moja. Kisha mawili. Mmoja wao akasema leso yake imechanika mwisho hivyo methali haikukamilika, na mwenzake akamjibu kwamba hata yeye mwenyewe hajakamilika, na duara zima likatikisika kwa kicheko bila kushuka. Bodaboda alikuwa ametumwa duka la dawa na kile kikopo tupu cha dawa ya kuvuta kama kielelezo. Sijapata kuutazama mwanzo wa barabara kama nilivyoutazama nikimngojea yule mtu.

Alirudi. Shangazi akavuta, akashika pumzi, akaachia. Akavuta tena. Midomo ikarudi kuwa yake.

Fundi alikuwa ameshafika, Mduruma mwembamba, amesimama ng'ambo ya leso na spana mkononi, mgongo ametugeuzia. Alingoja hapo mpaka alipoambiwa pazia limefungwa. Ndipo akasema, "Mama, nitafungua injini. Utasikia kelele upande wa jikoni kwako."

"Fungua, baba. Ila usiondoke hujala. Hamisi, mpe mahamri."

Ulikuwa mpira wa maji uliopasuka. Alipata mwingine kwa jirani. Wanawake walikuwa wamezishusha leso zao na wanabishana juu ya nani aliiacha sufuria ya mbaazi iungue.

Taru, Kinango, Kwale

Toka Taru sikuimba. Tulikata kulia Samburu tukaingia barabara ya Kinango, nchi nyekundu na minyaa na mbuzi wasiokuwa na haraka. Niliendesha dirisha wazi na sikio nyuma. Pumzi ilikuwepo, fupi, lakini ilikuwepo.

"Watasema nimeichezea dini," alisema shangazi ghafla.

"Nani?"

"Kaka yangu. Atakuwa na chumba, na kitanda kipya, na watu wamekaa barazani. Atasema nimekaa eda ndani ya gari kama mzigo." Akapumua. "Nami nimechoka, Hamisi. Akinisukuma sana, nitashuka."

Hilo ndilo lililonitisha kuliko matope na moshi. Nililipita soko la Kwale, nikateremka kwa upande wa Matuga, minazi ikaanza kutokea, hewa ikawa na chumvi, na badala ya kufurahi nilitamani barabara iwe ndefu.

Msambweni

Walikuwa wamekaa barazani, kama alivyosema. Nililiingiza gari uani taratibu, nikaliegesha chini ya ukuta wa kusini penye kivuli, nikazima. Wanawake wakaanza kulia, kisha wakanyamaza kwa sababu baba mkubwa alikuwa ameinua mkono. Alikuja na kanzu yake nyeupe na bakora.

"Ahsante, mwanangu. Mshushe. Chumba kiko tayari. Hilo gari nitamwita mtu alitazame."

Nilikuwa nimeushika ufunguo. Alinyoosha kiganja. Maisha yangu yote nimempa alichonyooshea kiganja.

Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Baba mkubwa, mwenyewe yumo. Naomba uzungumze naye." Nikausukuma mlango nusu, nikampa shangazi ufunguo. Barazani mtu alivuta pumzi kwa nguvu.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kibao cha kando ya meza. Ameitandika meza. Juu yake palikuwa na kikombe kimoja, na birika, na mahamri mawili ya Mackinnon Road juu ya kisahani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mejumaa, shuka, mdogo wangu. Watu wanatazama."

"Karibu ndani, kaka. Huwezi kunipa pole ukiwa umesimama uani."

Nilikuwa karibu na baba mkubwa kiasi cha kuona shavu lake likicheza. Aliitazama ngazi ile ndogo ya bati aliyoichomelea Mzee Mbwana, akanitazama mimi, akaitazama baraza. Nadhani alikuwa anataka kukasirika na hakuona pa kuanzia. Dada yake amefiwa, naye bado hajampa mkono wa pole. Akavua makubadhi. Akapanda, ameinamisha kichwa kwa sababu ya paa, akakaa kwenye kibao kilichomlazimisha kuweka magoti pamoja kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani.

Shangazi alimimina chai. Sikusikia yote, nilikuwa nimesogea mbali kwa adabu. Nilisikia Fatiha. Nilisikia "chumba" mara mbili, na mara zote mbili nikasikia kijiko kikikoroga. Nilisikia kikohozi, kifupi, na baba mkubwa akiuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Kifua bado?" Baraza zima liliegemeza masikio, na mimi nimekwaruza kidole changu mpaka kikatoka damu.

Baba mkubwa alitokea na hamri moja mkononi, limemegwa. Akasimama kwenye ngazi akitafuta makubadhi yake kwa vidole vya miguu, kama mtu afanyavyo kila anapotoka kwa watu.

"Haya, Mejumaa," alisema. "Mimi nakwenda kwangu. Wasichana watakuletea chakula cha jioni."

"Karibu tena, kaka," akasema shangazi, na akaufunga mlango nyuma yake.